Kitabu cha Kale Kizimbani: Majibu kwa Wasomaji wa Riwaya za Upelelezi

Tangu tulipochapisha makala fupi kuhusu riwaya za upelelezi za miaka ya karibuni zinazojengwa juu ya tamthilia, tenzi na riwaya za kale, barua zimetufikia nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Nimechagua saba, nikazifupisha bila kuzipotosha. Naomba kutoa tahadhari moja kabla hatujaanza: sitamtaja muuaji wa riwaya yoyote ya zama zetu, ila tamthilia za Wagiriki na za Shakespeare nitazizungumzia hadi mwisho wake, kwa kuwa siri zake zimekuwa hadharani kwa karne nyingi.

SWALI: Nimezipenda riwaya za upelelezi tangu ujana wangu, na sioni kwa nini mwandishi mwenye kipaji cha kubuni vifo vyake mwenyewe aende kuazima kwa Shakespeare au kwa Wagiriki. Je, huu si uvivu? (Msomaji wa miaka mingi)

JIBU: Uvivu upo, nami nitaufikia katika barua nyingine hapa chini. Lakini swali lako linachukulia kwamba upelelezi ni mali ya riwaya ya kisasa na kwamba fasihi ya kale ni nyumba ya jirani, ilhali mambo yalivyo ni kinyume chake. Tumezoea kusema kwamba hadithi ya upelelezi ilianza na Edgar Allan Poe mwaka 1841, alipochapisha kisa cha mauaji ya mtaa wa Rue Morgue, na kwa maana ya mpelelezi anayefumbua fumbo kwa hoja usemi huo ni sahihi. Hata hivyo, zaidi ya miaka 2,200 kabla ya Poe, Sophocles, mwandishi wa tamthilia wa Kigiriki, alikuwa amekwisha kuweka jukwaani uchunguzi kamili wa mauaji.

Mji wa Thebes umepatwa na tauni. Mfalme Oedipus anaambiwa kwamba tauni haitaondoka mpaka aliyemuua mfalme aliyetangulia, Laius, apatikane, naye anaapa mbele ya watu kwamba atamsaka. Kuanzia hapo tamthilia nzima ni mahojiano: mashahidi wanakuja mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na kipande chake cha habari, na kila kipande kinachodhaniwa kitamtoa mfalme mashakani ndicho kinachomzamisha zaidi, hata mwishoni mpelelezi na muuaji wanakuwa mtu mmoja.

Nakuomba utazame jambo moja dogo lililomo humo. Creon, shemeji wa mfalme, anasema kwamba Laius aliuawa na wanyang'anyi, na anatilia mkazo kwamba walikuwa wengi. Oedipus anajibu papo hapo kwa kuuliza: mnyang'anyi angethubutuje kufanya jambo kama hilo kama hakulipwa na mtu wa mjini? Ameambiwa wengi, akasema mmoja. Kwa Kigiriki tofauti hiyo imo katika mwisho wa neno. Kwa Kiswahili imo mwanzoni, kati ya *wa-* na *m-*, na msikilizaji asiyetega sikio anaipita bila kuiona. Baadaye, kamba inapozidi kukaza, Oedipus mwenyewe anaishikilia tofauti hiyohiyo kama tegemeo lake la mwisho: ikiwa shahidi aliyenusurika bado atasema walikuwa wengi, basi muuaji si yeye, kwa kuwa mmoja hawezi kuwa sawa na wengi. Kidokezo kimewekwa wazi mbele ya hadhira katika dakika za mwanzo kabisa, kikapita kama kuteleza kwa ulimi. Sijui waandishi wengi wa leo wanaoweza kuficha kitu mahali peupe namna hiyo.

Naye Hamlet wa Shakespeare ana tatizo ambalo kila mpelelezi analijua: shahidi wake pekee wa mauaji ya baba yake ni mzuka, na ushahidi wa mzuka haupelekwi popote. Kwa hiyo anatengeneza jaribio. Anawaagiza waigizaji waonyeshe mbele ya mfalme kisa cha mtu anayeuawa kwa sumu iliyotiwa sikioni, kisha anamwomba rafiki yake Horatio akodolee macho uso wa mfalme, si jukwaa. Mfalme anapouliza jina la mchezo ule, Hamlet anajibu kwamba unaitwa Mtego wa Panya. Agatha Christie alilichukua jina hilo, The Mousetrap, kwa tamthilia yake ambayo imekuwa ikionyeshwa London tangu mwaka 1952, na iliyolazimika kusimama kwa muda mrefu mara moja tu, wakati wa janga la korona. Mwandishi wa mafumbo anayerudi kwa watu hawa, basi, anarudi nyumbani kwa wazee wake.

SWALI: Nimeanza riwaya ambayo kila baada ya kurasa chache inamtaja mshairi au mwandishi wa tamthilia ambaye sijawahi kumsoma. Je, niiweke kando nikamsome kwanza, au niendelee nikiwa gizani? (Mhasibu anayesoma usiku)

JIBU: Endelea. Ukipotea, kosa si lako.

Mwaka 1929 Ronald Knox, kasisi aliyekuwa pia mwandishi wa riwaya za aina hii, aliweka kanuni kumi za fumbo la haki. Nyingine zimechakaa na moja au mbili ni za kuchekesha, lakini ile inayosema kwamba mpelelezi asipate kidokezo chochote ambacho msomaji hajaonyeshwa papo hapo bado ina nguvu. Ukiipeleka kanuni hiyo katika riwaya inayotegemea kitabu cha kale, matokeo yake ni kwamba, iwapo suluhisho linategemea ubeti fulani wa Dante, mshairi wa kale wa Italia, ubeti huo sharti uwe umekwisha kuwekwa mbele ya macho yako kabla mpelelezi hajafungua kinywa. Mwandishi anayekutaka uwe umesoma utenzi wake wa Divina Commedia wote ili umpate muuaji hakutegei fumbo. Anakufanyia mtihani wa chuo.

Mfano mzuri ni The Dante Club ya Matthew Pearl, iliyotoka mwaka 2003. Tuko Boston mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vimekwisha punde, na mshairi Henry Wadsworth Longfellow pamoja na marafiki zake wanakutana kusaidiana katika tafsiri yake ya Dante. Hadi hapa mambo ni ya kweli. Tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1867. Kisha watu wa jiji wanaanza kuuawa kwa namna zisizo na kichwa wala miguu machoni pa polisi. Kasisi mmoja anakutwa amefukiwa kichwa chini, miguu ikiwa imechomwa moto. Polisi wanaona ukatili mtupu. Wale marafiki wa Longfellow wanaona mara moja wimbo wa 19 wa Jehanamu ya Dante, ambamo viongozi wa dini waliofanya biashara ya vitu vitakatifu wanachomekwa kichwa chini katika mashimo ya mwamba huku nyayo zao zikiwaka.

Utaona Pearl anachokifanya. Ubeti unaohitajika unaelezwa na watu ambao kazi yao ya kila juma ni kuuelezana, kwa hiyo hakuna mhadhara unaobandikwa kwa nguvu. Zaidi ya hapo, elimu yao ndiyo inayowatia hatarini. Katika mji ambao wasomaji wa Dante ni wachache, mtu anayejua kwamba mauaji yametoka katika Dante anakuwa mshukiwa kwa kujua kwake tu, na wazee wale wanalazimika kuchunguza kimya kimya kwa sababu wakienda polisi watakuwa wanajipeleka wenyewe. Kitabu cha kale kimepunguza orodha ya washukiwa, kimeleta taharuki, na kimewafunga midomo wenye ushahidi, yote kwa mpigo mmoja.

Alex Michaelides, katika The Silent Patient ya mwaka 2019, anafika palepale kwa njia nyepesi zaidi. Mchoraji Alicia amempiga mumewe risasi, na tangu siku hiyo hajatamka neno. Kitu pekee alichokitoa ni picha aliyojichora mwenyewe, akaiandika jina la Alcestis. Wengi wetu hatukuwahi kumsikia Alcestis. Mwandishi analijua hilo, akamfanya msimulizi, ambaye ni mtaalamu wa tiba ya nafsi, aitafute habari hiyo na kutusimulia: katika tamthilia ya Euripides ya mwaka 438 KK, Alcestis anakubali kufa badala ya mumewe, kisha Heracles anamnyang'anya kutoka mikononi mwa Mauti na kumrudisha akiwa amefunikwa ushungi. Mume anafurahi. Mke hasemi kitu hadi tamthilia inakwisha. Heracles anatoa sababu ya kidini, kwamba hawezi kuzungumza mpaka siku ya tatu, lakini msomaji yeyote mwenye mashaka anabaki akijiuliza mwanamke ambaye mumewe alimwacha afe angekuwa na nini cha kumwambia. Swali hilo la miaka 2,400 ndilo riwaya nzima. Umelipata ndani ya riwaya yenyewe, bila kwenda maktaba.

SWALI: Mimi nina tatizo la kinyume. Nilisomea fasihi, kwa hiyo nikiona tu riwaya imetaja kazi fulani ya kale najua itakwendaje na itaishaje. Raha inaniponyoka. (Mwalimu mstaafu)

JIBU: Mwalimu, kwa heshima zote, wewe ndiye windo wanalolitafuta. Waandishi bora wa mkondo huu hawamtegi msomaji asiyejua, wanamtega anayejua.

Hapa nitalazimika kufichua sehemu ya Il nome della rosa ya Umberto Eco, riwaya ya mwaka 1980, bila kumgusa muuaji. Asiyetaka kujua hata sehemu aruke hadi barua inayofuata. Mambo yanatokea mwaka 1327 katika abasia moja kaskazini mwa Italia. Mpelelezi ni mtawa wa Kifransisko aitwaye William wa Baskerville, na jina hilo limekusudiwa kumkumbusha msomaji riwaya mashuhuri ya Arthur Conan Doyle ya mwaka 1902 kuhusu mpelelezi Sherlock Holmes, The Hound of the Baskervilles, kama vile kijana Adso anayemfuata na kusimulia anavyosimama mahali pa Dakta Watson, rafiki na msimulizi wa Holmes. Maiti ya kwanza inapatikana baada ya usiku wa dhoruba. Ya pili inakutwa imechomekwa katika pipa la damu ya nguruwe, miguu juu. Ya tatu inapatikana ndani ya maji ya kuogea.

Mtawa mmoja mkongwe anakumbusha Ufunuo sura ya 8: baragumu la kwanza linaleta mvua ya mawe na moto, la pili linageuza theluthi ya bahari kuwa damu, la tatu linaangusha nyota iitwayo Pakanga juu ya mito na chemchemi za maji. Mvua ya mawe, damu, maji. Msomaji aliyesoma Biblia anajipongeza, anahesabu baragumu zilizobaki, na anaanza kumsubiri maiti wa nne mahali panapomfaa. William naye anafuata mpangilio huo, na unamfikisha kwa mhusika. Ndipo anapogundua kwamba haukuwa mpangilio wa mtu yeyote. Vifo vile vya mwanzo vilikuwa na sababu zake mbalimbali, na ni macho ya wasomaji wa abasia, yaliyozoea kuona Maandiko kila mahali, ndiyo yaliyovishona pamoja. Mpelelezi amefika mahali sahihi kwa njia ya uongo, na anakiri hivyo kwa uchungu.

Nakala ya kwanza niliyoisoma ya riwaya hii niliiazima, na mtu asiye na huruma alikuwa ameandika jina la muuaji kwa penseli katika ukurasa wa kwanza. Nilisononeka kwa muda wa kurasa hamsini hivi. Kisha nikajikuta nimenaswa katika baragumu kama kila mtu, nikimjua muuaji na nisijue kabisa kilichokuwa kikitendeka, jambo ambalo hadi leo sijaweza kulieleza vizuri kwa mtu anayeamini kwamba riwaya ya upelelezi inakufa pindi jina linapojulikana.

Mtego wa aina hiyo unategwa pia kwa vitabu visivyo vya kale sana. Mwaka 1987 Mjapani Yukito Ayatsuji alichapisha riwaya ya wanafunzi wa chama cha mafumbo cha chuo kikuu, wanaoitana kwa majina ya waandishi kama Poe, Ellery na Agatha, wakaenda kukaa katika kisiwa kisicho na watu. Wanaanza kufa. Kila aliyesoma riwaya ya Christie ya mwaka 1939 kuhusu wageni kumi kisiwani anaanza kuwatilia shaka watu aliofundishwa na Christie kuwatilia shaka. Ayatsuji anajua kabisa tunatazama wapi, na kwa hiyo anajua ni wapi hatutazami.

SWALI: Je, si wizi kumchukua mhusika wa mwandishi mwingine na kumtia katika riwaya yako? (Mwanafunzi wa sheria)

JIBU: Inategemea mwandishi huyo alifariki lini na uko nchi gani. Nchini Uingereza hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya mwaka wa kifo cha mwandishi. Jane Austen alifariki mwaka 1817, kwa hiyo wahusika wake hawana mlinzi ila ladha ya wasomaji. Conan Doyle alifariki mwaka 1930, na hata Marekani, ambako hesabu ni tofauti, hadithi zake za mwisho za Sherlock Holmes ziliachiwa umma tarehe 1 Januari 2023. Christie alifariki mwaka 1976, na ndiyo maana Sophie Hannah, aliyemrudisha Hercule Poirot, mpelelezi wa Christie, katika The Monogram Murders mwaka 2014, alifanya hivyo kwa idhini ya wenye haki. Nadharia ya fasihi, ambayo huliita jambo hili mwingilianomatini, haisaidii mahakamani.

SWALI: Nimechoshwa na riwaya zenye nukuu ya Shakespeare juu ya kila sura. Mtu anakufa, mpelelezi anakumbuka mstari wa Macbeth, tunaendelea. Tofauti kati ya matumizi ya kweli na mapambo iko wapi? (Mkutubi)

JIBU: Mimi hutumia jaribio moja la kijinga lakini halijanidanganya bado: naiondoa kazi ya kale akilini mwangu, kisha natazama kama uhalifu bado unawezekana. Ukiiondoa Jehanamu ya Dante katika riwaya ya Pearl, hakuna mauaji ya namna ile na hakuna washukiwa. Ukimwondoa Alcestis, ukimya wa Alicia unabaki ugonjwa tu. Ukiziondoa nukuu za juu ya sura katika riwaya unazozilalamikia, kitabu kinapungua kurasa mbili.

Simaanishi kwamba jina lililoazimwa ni dhambi. Christie alipenda sana kuchukua majina ya vitabu vyake kwa Shakespeare; Taken at the Flood ya mwaka 1948 imetoka katika maneno ya Brutus ndani ya Julius Caesar, kuhusu wimbi la bahati ambalo mtu asipolishika linapojaa basi limempita, na kitabu kile kinahusu watu waliopata nafasi ya kuushika utajiri wakati wa vita. Jina hilo linakaa vizuri, halidai zaidi ya hapo. Ni heri jina moja linalofaa kuliko nukuu arobaini.

Mfano unaonisumbua ni Death Comes to Pemberley ya P. D. James. Aliichapisha mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 91, baada ya maisha marefu ya kuandika riwaya za upelelezi za hali ya juu, akaendeleza kisa cha Pride and Prejudice, riwaya ya Austen ya mwaka 1813. Miaka sita baada ya harusi ya Elizabeth na Darcy, Wickham, yule mlaghai wa riwaya ya Austen, anakutwa msituni karibu na jumba lao, amelewa, juu ya maiti ya rafiki yake Denny. Sentensi zake ni za kupendeza, na mtu anaweza kuamini kwamba Austen mwenyewe amepita chumbani. Lakini kama fumbo, lilikuwa limekwisha kulegea kabla ya kuanza, kwa sababu James aliwaheshimu mno wenyeji wake. Hakuna msomaji atakayeamini kwamba Darcy ameua, au Elizabeth, au dada yake Jane. Na Wickham tulimchukia tangu mwaka 1813, kwa hiyo kushukiwa kwake hakutuambii kitu. Katika kitabu cha upelelezi, upendo wa mwandishi kwa wahusika wa mtu mwingine unaweza kuwa kikwazo kikubwa kuliko chuki.

Jasper Fforde hakuwa na heshima ya namna hiyo, na riwaya yake The Eyre Affair ya mwaka 2001 inafaulu jaribio langu kwa namna ya kuchekesha kuliko zote. Katika ulimwengu wake mtu anaweza kuingia ndani ya kitabu, na mhalifu mmoja anauiba mswada wa Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë, na kumteka Jane kutoka ndani yake. Sasa kumbuka kwamba Jane Eyre inasimuliwa na Jane mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Msimulizi akitekwa, nani ataendelea kusimulia? Katika nakala zote duniani hadithi inakatika palepale alipochukuliwa, na kurasa zinazofuata zinabaki nyeupe. Uhalifu mzima umetokana na jambo la kisarufi, nafsi ya kwanza umoja, na hakuna mtu ambaye angeweza kuubuni bila kukisoma kitabu kile kwa makini.

SWALI: Ninaandika riwaya yangu ya kwanza ya upelelezi na nataka kuitegemeza juu ya kazi ya kale. Unanishauri nichague kazi ya namna gani? (Mwandishi chipukizi)

JIBU: Chagua iliyo na tundu. Kazi inayofahamika sana na iliyokamilika haikuachii mahali pa kuingilia. Eco alichagua kitabu ambacho hakipo: katika maandishi yake kuhusu ushairi, Aristotle anaahidi kuzungumzia komedi, na mazungumzo hayo hayajatufikia, tuliyo nayo yanahusu zaidi tanzia. Katika tundu hilo Eco akaweka abasia nzima. Euripides alimwachia Michaelides mwanamke asiyesema.

Au uichukulie kazi yenyewe kuwa mshtakiwa. Mwaka 1951 Josephine Tey alimweka mpelelezi wake Alan Grant kitandani hospitalini, mguu umevunjika, akampa picha ya Mfalme Richard III wa Uingereza ya kutazama. Grant, ambaye amezoea kusoma nyuso za wahalifu, haoni muuaji katika uso ule. Anaanza kuuliza ni nani alitwambia kwamba Richard aliwaua wapwa zake wawili, na kila njia anayoifuata inamrudisha kwa watu waliomtumikia mfalme aliyemshinda Richard vitani, watu ambao Shakespeare aliwategemea. Upelelezi wote unafanyika kitandani kwa vitabu. Mwaka 1990 Chama cha Waandishi wa Riwaya za Uhalifu cha Uingereza kiliiweka riwaya hii namba moja katika orodha ya riwaya 100 bora za uhalifu. Naongeza neno kwa kuwa ni tamu mno kuliacha: mwaka 2012 mifupa ya Richard ilifukuliwa chini ya maegesho ya magari mjini Leicester, na uti wake wa mgongo ulikuwa umepinda kweli, ila mkono ulionyauka, ambao Shakespeare anautaja jukwaani, haukuonekana. Shahidi alikuwa amesema kweli kidogo na uongo kidogo, kama mashahidi walivyo.

Ushauri wa pili ni mfupi. Usimwache mpelelezi wako akiwa mtu pekee katika riwaya aliyesoma vitabu. Muuaji naye awe amevisoma, na ikiwezekana awe amevisoma vizuri zaidi.

SWALI: Ningependa kuanza, lakini napendelea kusoma kwa Kiswahili. Je, kuna pa kuanzia? (Msomaji mpya)

JIBU: Riwaya nyingi nilizozitaja hapa sijaziona kwa Kiswahili, lakini mizizi yake unaweza kuifikia. Kwa upande wa upelelezi wenyewe, mtafute Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetokea katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Kiko chake, na rafiki yake Najum anayemfuata akiuliza maswali ambayo nasi tungeuliza, vitakuonyesha jinsi mpelelezi wa Conan Doyle anavyoweza kupewa nyumba mpya bila kuonekana mgeni. Kwa upande wa kazi za kale, tamthilia ya Oedipus ilitafsiriwa na Samuel Mushi kwa jina la Mfalme Edipode, ikachapishwa mwaka 1971. Mushi huyohuyo alitafsiri pia Macbeth.

Anza na Mfalme Edipode. Ni fupi, inasomeka kwa jioni moja. Shika penseli, uweke alama kila mahali anapotajwa mnyang'anyi au wanyang'anyi, na utakapofika pale ambapo mchungaji, yule shahidi pekee aliyeona mauaji kwa macho yake, analetwa hatimaye mbele ya mfalme, rudia mahojiano hayo mara mbili na uhesabu ameulizwa mara ngapi kama waliomuua Laius walikuwa wengi au mmoja.